Mbweha wa Farasi

Huku juu Sanetti hakuna mwitu.
Kuna majani mafupi, mawe, jua lisilopasha,
na jibara zimesimama wima, moja moja,
kama vinara vilivyozimwa na upepo.
Sasa yeye tumwiteje, mbwa-mwitu asiye na mwitu?

Hinsene ana jina: mbweha wa farasi.
"Farasi wangu akikaribia kuzaa," anasema, "huja.
Hukaa pale kwenye jiwe, mkunga asiyealikwa,
mwekundu, miguu mirefu,
akingoja kondo.
Mtoto hamgusi. Hajawahi."

Siku nyingine hupita katikati ya ng'ombe
na ng'ombe hawainui hata vichwa.
Miguu yao humficha; fuko hamwoni
mpaka meno.

Mimi hupanda huku na kisanduku cha barafu,
chanjo ndani, orodha ya mbwa mfukoni.
Gurracha wa Hinsene: jina lake nimelipiga kalamu.
Mwezi wa tatu alikataa maji.
Akauma mti wa zizi, akauma kivuli chake,
akakata kamba, akaelekea juu
kwa binamu zake.

Damu nzito kuliko maji, watu husema.
Mate ni mazito zaidi.
Maana hawa wa mlimani kila alfajiri,
kabla ya kutawanyika kuwinda, kila mmoja na njia yake,
hukutana wakalambana pua, midomo, masikio,
mkubwa kwa mdogo, hakuna anayerukwa.
Salamu ile ile.
Niliwakuta kumi na mmoja kando ya kijito.
Kwenye tope hapakuwa na nyayo za mtu.
Hakuna bunduki, hakuna mtego, hakuna wa kulaumiwa
kwa sauti.

Waliobaki duniani kote
hawatoshi kujaza ukumbi mmoja wa sinema.

Leo Hinsene ana mbwa mpya, hata jina hana.
"Ukimchoma sindano atazubaa.
Fisi atakuja, yeye amelala. Utanilipa kondoo?"
Sina kondoo. Namwambia hivyo.
Anacheka, ananimiminia kahawa ya chumvi,
anasimulia bei ya shayiri, anasimulia goti lake,
mpaka birika linalia tupu.
Kisha anambana mbwa kati ya magoti,
lile zima na lile bovu,
anamziba macho kwa kiganja:
"Haraka, kabla sijabadili nia."

Nikifunga kisanduku ananionyesha farasi:
tumbo limeshuka, chuchu zimeota nta.
Kesho, labda keshokutwa.
Mwaka jana kondo alipewa Gurracha.
"La safari hii," anamwambia bintiye Badhatu,
macho yake kwenye lile jiwe lisilo na mtu wala mnyama,
"usilifukie. Liache palepale."