Mraba Mtupu

Sajini Mwachofi ananiita "afande".
Ana miaka ishirini na mbili jeshini;
mimi nina ishirini na mbili tangu nizaliwe.

Leo, chini ya turubai kambini Hindi,
tumesoma ramani, mraba kwa mraba.
Mkufunzi akaweka kidole: "Hapa hakuna kitu."
Hapo pasipo kitu ndipo nyanya alipozaliwa,
kabla hawajahama usiku, sufuria kichwani,
mlango wakauacha wazi wasimwamshe jirani.
Kisima kipo. Nimekinywea, maji yana chumvi kidogo.
Wote waliinama, wakaandika. Nami nikaandika:
hakuna kitu.

Usiku nawahesabu watu wangu kama mwenye tasbihi:
Lokwawi, buti namba kumi na moja.
Munyambu haoni vizuri gizani, kanisihi nisiseme.
Chengo, mkewe ana mimba ya miezi minane,
kila jioni huuliza kama mtandao umerudi.
Thelathini. Sita bado siwajui kwa sauti,
na gizani sauti ndiyo sura.

Halafu fomu: *Mtu wa kuarifiwa.*
Niliandika jina la mama, nikalifuta mpaka karatasi ikatoboka.
Pembeni nikaandika la mjomba Famau:
yeye hodari wa kushika habari mbaya
mpaka watu wamalize kula.

Saa kumi alfajiri, malori yananguruma.
Sajini amekuja na chai ya rangi kwenye kopo.
Hakusema neno.
Alininyooshea nyota begani,
ilikuwa imekaa upande
tangu jana.