Legeza Uzi wa Tatu

Baba alipolinganisha nyuzi za gitaa
alitupa mgongo.
Hata sisi, damu yake, tuliona shati tu,
shati la kampuni ya sukari, kola imechanika,
na kiwiko kikicheza kama cha mtu ahesabuye fedha kwa siri.
Nyuzi zilishuka moja moja, zikilalama,
kisha nyumba nzima ikalainika.
Alipomaliza kupiga, wageni hawajavaa viatu,
alizivuruga zote tena,
asije mtu akaondoka na mlio wa ukoo mfukoni.

Akafa nao.
Honokaʻa ilinyesha siku tatu.
Nilirithi gitaa, buti, na deni la gari.

Mama naye alikuwa na kufuli lake.
Lugha? "Niliiacha shuleni," alisema,
"kwenye droo ya mwalimu, pamoja na rula."
Akanionyesha vifundo vya vidole,
akaendelea kumenya majimbi.
Alitulea kwa Kiingereza cha mashambani, cha vipandevipande,
kilichotosha kuomba chumvi,
hakikutosha kuomba radhi.

Ila akianika nguo, aliimba.
Ajabu hiyo nimeishi nayo miaka arobaini:
asiyejua neno anaimba beti sita bila kukosea,
beti za mvua yenye jina lake,
maana kwetu mvua haiitwi mvua tu,
ina jina kama ng'ombe, kama binamu,
na ya kijiji hiki si ya bonde la pili.
"Ni wimbo," husema. "Wimbo si lugha."

Kisha Haliʻa, binti yangu, miaka saba,
akaingia shule wanakofundisha hesabu na historia,
na hata kukaripia, kwa Kihawaii.
Akarudi na koma ndogo iliyorukia juu
na mstari wa kulaza kichwani pa o,
akasema jina letu lina mapengo.
"Kaʻōpua, Baba. Si Kaopua.
Hapa koo hufunga mlango kidogo, halafu hufungua."
Akachukua rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu,
akaziba mapengo kwenye sanduku la barua.
Tarishi hakuuliza.
Mama alisimama pale na mwavuli
muda mrefu kuliko bili ya umeme inavyostahili.

Jumapili hiyo nilishika gitaa.
Nikalegeza wa sita, wa tano, wa kwanza;
hapo hufika kila mtu, hata watalii hufika.
Nikapiga. Ilikuwa nyumba ya jirani.
Nikakaza, nikalegeza.
Jirani tena.
Jikoni kisu kikanyamaza.

Mama akasema kitu
kwa lugha aliyoiacha kwenye droo.

Sikuelewa. Haliʻa alinitafsiria,
amekaa sakafuni, mdomo umejaa wali,
kama jambo la kila siku:
"Tūtū anasema legeza uzi wa tatu.
Nusu tu. Usiwe na pupa."

Baba alitupa mgongo miaka yote ile.
Mgongo hauzuii sikio.
Yeye, mke, mtu wa kuja, asiyestahili kuambiwa,
alikuwa nyuma ya mlango akikunja mashuka,
akihesabu milio ya skrubu
na kuizika palepale alipozika maneno.

Nikalegeza.
Ukoo ukaingia sebuleni na miguu yenye tope.

Wanasema kamba hukatikia pabovu. Sijui.
Sikuwa na nafasi ya kufikiri, maana
Haliʻa alikuwa tayari anaimba ule wimbo wa kuanika nguo
na Mama akamkatiza, kisu mkononi:
"Hiyo irabu ni ndefu, mwanangu. Ivute."
Ikavutwa. Ikavutwa tena. Bado.

Nje kulikuwa kunanyesha.
Nikauliza, kwa maneno mawili niliyookota kwa mtoto,
hii ni mvua ipi,
nikakosea yote mawili,
wakanicheka mpaka majimbi yakaungua.