Nyundo ya Vidali

Kazi yangu ni viatu,
si vya miguu ya watu:
farasi mia na tatu
niliwavisha kwatoni.

Kutoka Garona, vuli,
mawingu yakiwa mbali,
bwana kasema: "Hatuli
chakula chetu njiani."

Hatukwenda kupigana.
Penye kuta ndefu sana
tulipita tukinena:
"Vita vyetu vya ghalani."

Langedoki, kila shamba,
kama reki, tulikumba
kinu, zizi, hata nyumba
ya nyuki juu mtini.

Vitanda tulipasua,
manyoya kama maua
yakatua, yakatua
mabegani, kofiani.

Bibi mmoja wa kale
hakukimbia; na ndwele
zake alitenga: "Mle,
mkishiba nichomeni."

Tukala dengu na nyama,
na nyumba tukaichoma,
tukamwacha kasimama
na kijiko mkononi.

Karani wetu Doati
alitia kwenye hati
tone, kila moshi; eti
tutalipwa kwa mizani.

Siku ya tisa visima
tulikuta vina nyama:
wenyewe waliohama
walitupa mbwa ndani.

Divai ilikuwako,
mapipa tele ya huko;
tukawapa, na kicheko,
farasi wetu, ndooni.

Asubuhi, walimwengu,
Falba, yule jike wangu,
aliona mbili mbingu
akaenda magotini.

Mabwana wenye deraya
walidondoka kwa haya,
mwingine kavunja taya;
sisi tukacheka ndani.

Falba kapoteza chuma
cha ukwato wake nyuma.
Nikabaki; wakavuma
wenzangu, mbele, bondeni.

Kijiji kisicho jina
kwangu; uji moto sana
mezani, mtu hapana;
na karakana pembeni.

Makaa bado yawaka,
mivukuto imechoka;
kiatu kilichotoka
motoni, ki fuaweni.

Nilimvisha kiatu
kwa misumari mitatu:
kana kwamba huyo mtu
alimpima ndotoni.

Nyundo yake ina shimo
la dole gumba, na humo
langu likalala, kimo
sawa, kama kitandani.

Juu ya mlango, jina:
Vidali. Na chini tena
mikwaruzo ya kijana
akipimwa ukutani.

Mara Doati kafika
na kalamu, kachafuka:
"Sansi, pale pamewaka;
hapa wachelewa nini?"

Nikayatwaa makaa
ya Vidali, yaking'aa;
yakaruka, yakapaa
hadi nyasi za paani.

Moto uleule, moto
ulompa Falba kwato,
ukala pia mtoto
wa alama ukutani.

Doati akatonesha.
Akasema: "Inatosha
kwa leo." Tukajivusha
mto, twaimba puani.

Nyundo ile sikuacha;
tandiko likaificha,
nikalala nayo, kucha,
nikaileta nyumbani.

Kiatu hakikung'oka.
Falba alikufa mwaka
wa sita; nikamzika
nacho kingali kwatoni.

Malipo? Sikuyaona.
Hati, waliitafuna
panya wa mji wa bwana,
na wino wote tumboni.

Huwaza: je, alirudi,
msimu ule baridi,
akabisha wapi hodi
pasi mlango? Na nani?

Nimezeeka, nafua
majembe; nikiinua
nyundo, dole latambua
halimo mwake nyumbani.

Jana Giroda kasema:
"Babu, hebu njoo pima
kimo changu." Nilikwama
na mkaa mkononi.