Nati

Siku ya kwanza, ukumbi wa kata, Mvumi,
Sechelela alitupanga wawili wawili, akavua saa yake.
"Dakika tatu. Mmoja aseme, mwingine asiseme."
Nilidumu sekunde arobaini.
Mzee Ndahani alikuwa bado anatafuta pa kuanzia
nami nimeshampa mzizi wa shangazi wa kuleta usingizi,
mstari wa Zaburi,
na namba ya mganga wa Kongwa.
Watu wakacheka. Sechelela hakucheka.
"Fundi," alisema, "umeziba pancha ambayo hujaiona."

Mimi fundi baiskeli. Najua pancha haijitangazi.
Unazamisha mpira kwenye beseni, unangoja,
na povu dogo linatoka
pale ambapo hukupadhania.
Maji yenyewe nanunua kwa ndoo. Hata hivyo nangoja.
Kwa mtu, sikuwahi kungoja.

Kwa nini walinichagua, hakuna asiyejua.
Mwaka ule mtama uliponyauka ukiwa magotini
nililala Mirembe wiki tisa.
Niliporudi watoto walikuwa wameshanipa jina,
na wateja walinirushia sarafu kutoka mbali
kama wanalisha mbwa wa jirani.
Sechelela alisoma fomu yangu,
akaweka kidole kwenye zile wiki tisa.
"Hapa umesoma kuliko mimi," akasema,
akageuza ukurasa.

Tukajifunza kutosema jikaze.
Kutosema wapo wenye shida kukuzidi.
Kwamba siri ya mtu tutaitunza,
isipokuwa ile itakayotupotezea mwenyewe.
Na lile swali, kuliuliza kwa jina lake:
unafikiria kujiua?
Nililifanyia mazoezi nikijaza upepo magurudumu ya watu,
u-na-fi-ki-ri-a,
pampu ikishuka na kila silabi,
mke wangu akinitazama kutoka jikoni
kwa macho ya mwaka ule.

Jumatatu Chidawali akaleta Swala yake nyeusi.
Nikaikagua. Nzima.
Alhamisi tena: "Mnyororo unalia."
Haukulia.
Jumamosi nati ya gurudumu la nyuma ilikuwa imelegea,
na kwenye rangi, alama mbichi ya spana.

Mtu ameamka usiku, ameketi uani peke yake,
ameharibu kitu chake
ili asubuhi apate pa kwenda.

Mafunzo yote yakanitoka.
"Mvua mwaka huu..." nikaanza,
nikajikamata.
Nikaketi chini, juu ya gunia, spana mkononi.
Vumbi la Agosti likapita kati yetu,
likazunguka, likachukua mfuko wa mtu, likaenda nao.
Sikuwa na saa. Dakika tatu zilipita, nadhani,
zikapita na nyingine.

Akasema.
Alichosema sikiandiki. Si changu.

Kisha nikauliza lile swali,
sauti ikikwaruza kama breki yenye kutu.
Alitazama mikono yangu, siyo uso.
"Jana, ndiyo. Leo sijui."
Nikamwambia asante kwa kuniambia,
kama tulivyofundishwa,
na maneno yakatoka makavu kama ugali wa jana,
lakini yalitoka, naye hakuondoka.

Tukaenda kwa nesi Mbeleje, mwendo wa saa nzima.
Baiskeli ilikuwa nzima, hakuna aliyeipanda.
Tuliikokota, yeye usukani, mimi karia,
na waliotupita walisema, "Mbukwenyi,
leo fundi kashindwa?"
Tukaitika salamu. La pili tukaliacha.

Bado huja. Siku nyingine hasemi kitu,
anakunywa chai yangu, analaani bei ya uwele.
Nati ile bado anailegeza. Sijamuuliza.
Naichukua spana namba kumi na tano,
nakaza robo mzunguko, naacha, nafuta grisi,
nakaza tena;
kazi ya dakika moja
naipa asubuhi yote.

Mzee Ndahani nikikutana naye kwenye foleni ya maji
naweka ndoo chini.
Namdaiwa dakika mbili na sekunde ishirini.