Mita Ishirini

Barua ilisema sifuri.
Kupika, sifuri. Kuoga, sifuri.
Kuvaa, kutembea, kukata nyama kwa kisu chako mwenyewe,
sifuri, sifuri, sifuri, moja chini ya nyingine
kama vifungo vya blauzi ambayo Eirlys
hawezi kuifunga.

Mpimaji aliandika: *Alinifungulia mlango mwenyewe.
Nywele zimechanwa. Alitabasamu.*
Nywele nilizichana mimi.
Tabasamu ni lake; ndivyo alivyolelewa,
mgeni hapokewi kwa uso uliokunjwa.

Tukangoja miezi kumi na mmoja.
Faili likanenepa, kurasa mia moja na tisini.
Yeye akakonda.

Leo tuko Merthyr, ghorofa ya kwanza
(lifti inafanya kazi, karani anatuambia, kama anayetutunuku).
Mvua ya Wales inachora michirizi dirishani.
Nyuma ya meza wapo watatu:
hakimu mwenye miwani ya kamba,
daktari aliyestaafu,
na mama mmoja kwenye kiti cha magurudumu
ambaye hasemi kitu, ila anavitazama vidole vya Eirlys
kama mtu anayesoma barua kutoka kwao.

Mimi nimeambiwa nikae nyuma, nisimjibie.
Nimeikalia mikono yangu.

"Bi. Probert, una mbwa?"
Tulikuwa naye. Alikufa Septemba.
"Nani alikuwa akimtembeza?"
Nilikuwa namfungulia mlango wa nyuma, basi.

"Unapika?"
Hapo akasita.
Miaka thelathini alipika shuleni,
watoto mia mbili kwa siku, viazi kwa magunia;
ni kama kumuuliza mchungaji iwapo anasali.
Akasema, kwa sauti ya kuungama:
Mume wangu akiwa zamu ya usiku, nakula biskuti.
Huzileta mwenyewe kutoka kiwandani, zile zilizovunjika.
Sufuria nailoweka kwenye sinki
ili adhani nimepika.

Kila asubuhi nimeisugua sufuria hiyo.

"Na ngazi?"
Nashuka kwa makalio, kidato baada ya kidato.
Naanza saa kumi na moja, kabla hajarudi,
anikute nimeketi.

Mficha maradhi, walinena wahenga, kilio humuumbua.
Lakini yeye hakulia. Niliyelia ni mimi,
na karani akamsogezea yeye boksi la tishu.

"Tueleze siku yako mbaya," akasema daktari,
si kwa ukali, na hilo ndilo lililouma.
Maana kushinda hapa ni kujivua.
Choo kina alama zake, sidiria ina zake,
kijiko kilichofungwa sponji nacho kina zake.
Mke wangu akaiuza aibu yake kwa rejareja,
mbele ya wanunuzi wenye adabu,
waliokuwa wakiandika bei.

Tukatolewa nje. Robo saa. Mashine ya kahawa mbovu.
Tukaitwa.
Rufaa imekubaliwa, akasoma hakimu. Alama kumi na nne.
Yule mama akafunga faili lake,
akasema neno lake la kwanza:
"Pole kwa kulazimika kuja."

Eirlys akamshukuru. Akatabasamu.
Nami moyoni: acha, mpenzi, wataliandika.

Mpaka kituo cha basi ni mita ishirini, labda na tano.
Tulisimama mbele ya kinyozi.
Tukasimama kwenye nguzo ya taa.
Hapakuwa na mtu wa kupima,
ila mimi, kwa mara ya kwanza,
nikihesabu pumzi zake na kuona haya.

"Gethin," akasema, "ile sufuria."
"Najua."
"Hujui. Jumanne ya wiki iliyopita nilipika kweli.
Supu ya liki. Ilinichukua usiku kucha.
Hilo sikuwaambia."
Akafuta mvua kidevuni kwa mgongo wa mkono.
"Nikainywa yote. Sikukubakishia."