Kitufe cha Kusimamisha

Runinga aliituma binti yetu Khatuna kutoka Thesaloniki,
pana kama mlango wa zizi.
Wanaume watatu waliipandisha ngazi hadi ghorofa ya nne,
na wa nne, Nugzar, akashika kazi ya kutoa amri.
Tangu siku hiyo mume wangu ana hoja.

"Hebu nieleze, Tsisana,
ni nani mwenye akili timamu atakayelipa lari kumi na mbili
akakalie kiti chenye springi ya kuchoma matako,
nyuma ya kisogo cha mtu asiyemjua,
ilhali hapa kuna kochi, mkate wa jibini uko jikoni,
na choo ni hatua sita?"
Amezihesabu. Ni sita kweli.

Sina ubishi.
Goti lake la kushoto hutabiri theluji kuliko redio,
na kutoka kwetu hadi sinema, ng'ambo ya mto Rioni,
ni mteremko wa barafu tupu.

Lakini nyumbani filamu ni mtumishi.
Simama, husimama. Rudi nyuma, hurudi.
Jirani Lamara akibisha kuomba chumvi,
wapenzi wawili hubaki midomo haijagusana
mpaka amalize habari za mashine yake ya kufulia.
Nugzar huuliza: "Huyu ndiye aliyeiba farasi?"
Humjibu. Huuliza tena.
Na machozi yakinilenga, kidole chake huwahi kuliko leso yangu:
kitufe.
Kimya.
Taa.
"Una nini?"
Sasa mtu alie vipi, akiwa anasubiriwa?

Jana nikasema potelea mbali.
Nilivaa koti la kijivu, nikashika hamsini zangu.
Eteri wa mlangoni alinichania tiketi bila kuinua macho kwenye kitabu chake.
Tulikuwa saba, na kipasha joto kimoja
ambacho kila mtu alikisogelea kwa aibu, kiti baada ya kiti,
hata tukajikuta tumekaa kama ukoo msibani.
Kijana mmoja alitafuna bisi kwa bidii ya panya ghalani.
Kisha giza, na hakuna aliyeniuliza kama niko tayari.

Kumbe ndicho nilichokifuata,
kitu kisichonisubiri.
Mama mmoja kwenye lile pazia jeupe
alikunja sweta la mwanawe aliyeondoka,
akalikunjua, akalinusa kwapani, akalikunja upya,
nami nikalia, kamasi na yote,
na filamu ikanipita juu kama maji yapitavyo juu ya jiwe.
Upande wa kushoto kuna mwingine alivuta pua.
Hatukutazamana.
Taa zilipowaka, kila mmoja alishughulika na vifungo vya koti lake
kana kwamba amevipewa leo.

Nilirudi saa nne na nusu usiku, nimeanguka mara moja,
nimeapa kwamba sitalitaja hilo anguko.
Nugzar alikuwa kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni,
mbele ya runinga iliyokwama:
mzee fulani amenyanyua kijiko, mdomo wazi,
tone la supu limening'inia, halianguki.

"Imeharibika?"
"Haijaharibika. Ilianza kuwa tamu, nikaona nikungoje."
"Tangu saa ngapi?"
"Tangu ulipofika darajani. Nilikuona dirishani."

Saa mbili na ushei.
Saa mbili na ushei yule mzee na njaa yake,
na huyu wangu, chai yake imeganda utando,
wakitazamana.

Nikavua viatu. Nikaingiza miguu yangu ya barafu
chini ya mapaja yake, akaguna, hakuisukuma.
Nilitaka kumweleza habari za sweta. Nikaliacha huko huko gizani.

"Huyu mzee ni nani?" nikauliza.
"Mimi nitajuaje?" akasema. "Hukuwepo wa kuniambia."

Akabonyeza.
Tone likaanguka.