Gramu Saba

Kware akitoka yaini ana gramu saba.
Nilimpima kwa mzani wa zafarani,
ndani ya finjani, asije akaruka.
Uzito wa barua isiyo na habari.

Vizimba vitatu nyuma ya nyumba, Ibra,
chini ya feni inayoguna
kama mgonjwa asiyetaka kusumbua.
Cha kwanza, protini asilimia ishirini.
Cha pili, ishirini na nne.
Cha tatu, ishirini na nane: soya,
na dagaa wakavu wa Masira
niliowasaga mwenyewe, mpaka Bi Ghaniya
akanitumia ujumbe kutoka ng'ambo ya ukuta:
"Mwanangu, umefungua bandari?"

Kaka yangu Mundhir hana imani na hesabu.
"Mpe ndege mtama, nyama atapewa na Mungu."
Mtama mtupu mwisho wake nimeuona.
Wiki ya pili wale wa ishirini
walianza kudonoana mikia,
wakitafuta kwa mwenzao
nilichowanyima mimi.

Nyuzi arobaini na sita, mwezi wa sita.
Joto hilo ndege hula kiduchu,
basi kila tonge libebe zaidi.
Ndivyo nilivyojiambia, nikazidisha.

Siku ya thelathini na tano niliwapima wote.
Wa ishirini, mia arobaini na moja.
Wa ishirini na nne, mia themanini na mbili.
Nikashusha pumzi, nikaenda kizimba cha tatu
nikitarajia mlima.
Mia themanini na nne.

Gramu mbili!
Riyali zangu zimekwenda wapi?
Delwar hakusema. Alionyesha chini kwa ufagio:
maranda yameloa, amonia inachoma macho.
Kilichozidi kilipita tu,
kama mgeni asiyepewa kiti,
na aliyemtoa mlangoni ni figo.
Mmoja alikufa. Daktari wa mifugo akampasua,
akanionyesha: zimevimba,
zina weupe kama chokaa ya ukutani.

Neno hilo nilikwishalijua.
Limebandikwa jikoni kwetu tangu Shaabani,
kwa kalamu nyekundu ya hospitali:
nyama, kiasi cha kiganja, kwa siku.
Mama, aliyelea watoto tisa
akisukuma minofu kwetu, akibaki na mifupa,
leo mwanawe ndiye anayemkatia.
"Unanipimia kama kware," alisema juzi,
akageuza uso.
Sikupata jibu. Ni kweli, nampimia.

Jioni hiyo nilichanganya ishirini na nne
kwa vizimba vyote.
Mayai ya kwanza yalikuja Alhamisi,
madoadoa, kama yaliyorushiwa kahawa.
Mama akaomba moja.
Nikaliweka mzanini: gramu kumi na moja,
na protini ndani yake gramu moja na chembe.
Alilila polepole, kwa chumvi ya kuwazia tu,
akafuta vidole,
akautazama mzani, si mimi.

"Na la pili?"

Nikapiga hesabu ya kiganja chake kichwani,
nikaanza kulimenya.